PaulXStretch na kaseti za Mombasa: programu ya bure ya kutengenezea muziki wa mvumo

Nianze na hukumu, ili asiye na muda aondoke nayo. Ukiwa na rekodi kuukuu, iwe ni kaseti ya harusi, santuri ya mizunguko 78 iliyokwisha kuingizwa kwenye kompyuta, au sauti ya mzee wenu kwenye kinasa sauti cha zamani, na ukataka kuifanya muziki wa mvumo, ule muziki wa sauti ndefu zinazotulia pamoja na kugeuka taratibu bila mdundo wala kiitikio, usinunue kitu. Shusha PaulXStretch, programu inayovuta sauti ikawa ndefu mara nyingi. Ni ya bure na kazi hiyo inaifanya vizuri kuliko programu za kulipia nilizowahi kuzishika. Na kama tayari unayo Audacity, ile programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, na hutaki kuongeza kitu kingine, ndani yake mna kifaa kinachoitwa Paulstretch, damu moja na hii, nacho kitakutosha kwa muda mrefu.

Tatizo lake nalo nalitaja mapema, maana ndilo lililonifanya niandike. Programu hii inapendezesha kila kitu. Vuta mara hamsini sauti ya mlango unaogongwa, itatoka na utukufu. Vuta mbwa anayebweka, utukufu. Vuta tangazo la sabuni la redioni, utukufu ule ule. Anayeanza hudhani ametunga jambo kubwa, kumbe amepewa kile ambacho programu humpa kila mtu. Kwa hiyo kazi ya mtunzi haimo katika kuvuta. Imo katika kuchagua sekunde zipi zivutwe, na kuziandaa kabla hazijavutwa. Mapitio mengi hukimbilia vitufe. Mimi nitakaa zaidi kwenye maandalizi, kwa sababu huko ndiko rekodi za zamani zinakofaulu au kuharibika.

Kazi yangu ni kuhamisha kaseti na kanda za video za watu, kuzitia kwenye flashi. Wateja wangu wengi ni wa Mji wa Kale, Kibokoni na Kuze, na wengine hutoka Majengo na Kisauni. Huniletea maboksi ya viatu yaliyojaa kaseti: harusi za miaka ya themanini, mazoezi ya taarabu ya nyumbani, barua za sauti walizotumiana na jamaa zao wa Maskati na Dubai enzi ambazo kupiga simu kulikuwa ghali. Mteja akiniruhusu, hubaki na nakala ya vipande vilivyonigusa. Humo ndimo ninamotoa muziki wangu.

Programu yenyewe ina ukoo. Aliyebuni njia hii ya kuvuta sauti ni Nasca Octavian Paul, mtaalamu wa Romania, yule yule aliyeandika ZynAddSubFX ambayo watumiaji wa Linux wanaijua kama kinanda cha kompyuta. Aliitoa PaulStretch ikiwa programu huria, kila mtu aichukue na kuifungua ndani. Dunia iliijua mwaka 2010, kijana mmoja wa Marekani alipouvuta wimbo wa Justin Bieber mara nane, na watu wakashangaa kuona wimbo wa vijana umegeuka kuwa kama kwaya ndani ya kanisa kuu. Baadaye mtengenezaji anayejiita Xenakios akaigeuza iwe programu-jalizi, yaani inayofanya kazi ndani ya programu nyingine ya muziki, na mwaka 2022 Jesse Chappell wa Sonosaurus akaitoa upya kwa jina la PaulXStretch, kwa Windows, macOS, Linux na vifaa vya Apple vya mkononi. Mwenye simu ya Android peke yake itambidi atafute kompyuta.

Inavyofanya kazi si siri, na ukiielewa utajua mbona rekodi yako moja inatoka safi na nyingine inatoka ukungu mtupu. Inaikata sauti vipande vifupi vinavyopandana, kila kipande kina urefu wa dirisha unaloliweka wewe. Katika kila kipande inapima ni masafa gani yamo na kila moja lina nguvu kiasi gani, kwa hesabu ya Fourier. Nguvu hizo inazitunza. Mpangilio wa mawimbi, yaani lipi linaanzia wapi, inauvuruga kwa makusudi, kwa kubahatisha. Kisha inakijenga kipande upya na kukilaza juu ya mwenzake, huku ikisogea polepole sana ndani ya rekodi ya asili. Kwa sababu hiyo husikii kile kigugumizi wala ule mwangwi wa bati unaousikia ukipunguza kasi kwa njia za kawaida. Na kwa sababu hiyo pia, ukivuta kipande kimoja mara mbili kwa vipimo vile vile, matokeo mawili hayo hayatalingana kabisa.

Ushike hesabu moja tu. Tukio lolote la ghafla kwenye rekodi, mpigo wa ngoma, kikohozi, konsonanti ya "t", litaenea kwa urefu wa dirisha mara kipimo cha kuvuta. Ukiweka dirisha la nusu sekunde na kuvuta mara 50, tukio hilo moja litapanda na kushuka kwa sekunde 25. Sasa chukua santuri iliyochakaa, ambayo kila mzunguko ina mlio wa "tak". Kila "tak" inakuwa wimbi la sekunde 25 la kelele ya masafa yote, na kwa kuwa sahani huzunguka zaidi ya mara moja kwa sekunde, mawimbi hayo yanalaliana hadi mwimbaji anazama ndani yake. Watu husikia ukungu huo wakadhani programu imeshindwa, au santuri haifai. Dawa yake ni kuondoa ile milio ya "tak" kabla ya kuvuta. Audacity inacho kifaa cha kazi hiyo, na unaweza pia kukuza picha ya wimbi hadi uuone mwiba wenyewe na kuurekebisha kwa mkono. Kwenye kipande cha sekunde nne kazi hiyo haichoshi.

Ile sauti ya "shii" ya kanda ni jambo jingine kabisa, na hapa nawaomba wenzangu wasiwe na mikono mepesi. Yenyewe tayari ni mawimbi ya kubahatisha, kwa hiyo programu inaikuta imevurugika na kuiacha imevurugika. Inabaki "shii", ila laini zaidi. Ukiipiga vita na kifaa cha kupunguza kelele, ukakaza mno, kinabaki nyuma ya sauti kitu kama kengele ndogo ndogo zinazomeremeta. Katika kusikiliza kwa kawaida huzisikii. Ukizivuta mara mia, kila kengele inakuwa noti ndefu ya uongo, noti ambayo hakuna mtu aliyeipiga wala kuiimba. Nimesikia kazi za watu zimejaa noti hizo tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi huiacha "shii" yote, au huipunguza kidogo sana, kisha nikakata mngurumo wa chini ya Hz 60 hivi (mitetemo 60 kwa sekunde) ambao hutokana na mota za mashine.

Kabla ya hayo yote kuna kichwa cha deki, yaani kile kinachosoma kanda ndani ya mashine ya kuchezea kaseti. Kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine moja ikichezwa kwenye nyingine mara nyingi hutoka imefunikwa, kana kwamba mwimbaji yuko nyuma ya pazia, kwa sababu vichwa viwili havikuegemea pembe moja. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo yenye springi. Chukua bisibisi nyembamba isiyo na sumaku, cheza kaseti, vaa hedifoni, uizungushe skrubu robo ya mzunguko au chini ya hapo, kushoto na kulia, hadi herufi za "s" zikatike vizuri. Mahali penyewe ni padogo sana. Ukipapita kidogo giza linarudi. Nafanya hivi kwa kila kaseti, na hakuna kitelezi chochote cha kompyuta kitakachokurudishia masafa ya juu uliyoyaacha kwenye kanda kwa uvivu wa bisibisi.

Jambo jingine linalohusu kaseti za kwetu ni mlio wa umeme. Umeme wetu ni wa Hz 50, na redio nyingi za kaseti zilizochomekwa ukutani ziliuingiza mlio huo ndani ya rekodi, pamoja na ndugu zake wa Hz 100 na 150. Wengi huufuta papo hapo. Mimi kwanza huupima. Nikiukuta uko Hz 52, najua kanda inakwenda mbio kwa asilimia nne, kwa hiyo sauti za watu zote ziko juu kuliko walivyoimba, basi naishusha hadi mlio ukae 50. Rekodi zilizofanywa kwa betri hazina alama hiyo, na huko utategemea sikio na kumuuliza aliyekuwepo. Baada ya kupima, mara nyingine siuondoi. Hz 50 iko juu kidogo ya noti ya sol ya chini kabisa, na kama wimbo umekaa karibu na sol, nauvuta wote pamoja, umeme ukawa ndio sakafu ya kipande. Ni umeme wa nyumba ile, wa siku ile. Kwa nini niufukuze?

Sasa nieleze kazi moja kwa urefu, ili ionekane programu inatoa nini.

Kuna mzee ambaye mimi humwita mjomba kwa heshima tu, aliyekuwa akipiga tashkota kwenye kikundi cha taarabu. Wasioijua: ni ala ya nyuzi iliyobuniwa Japani mwaka 1912 na kufika kwetu kwa njia ya Bahari ya Hindi, ina vibonyezo kama vya taipureta, mkono mmoja unabonyeza na mwingine unapiga nyuzi kwa kijiti. Taarabu ya Mombasa ilitambulika kwa mlio wake mkali wa chuma. Mjomba aliniletea kaseti ya mazoezi ya nyumbani. Nyimbo zote zilikuwa nzuri na sikuzigusa. Nilichochukua ni pengo kati ya nyimbo mbili, pale anapoziweka nyuzi sawa: anapiga mara moja nyuzi zote wazi, anaziacha zilie hadi zinyamaze, na mbali anasikika mtu anavuta kiti. Hakuna ngoma, hakuna anayesema. Sekunde nne.

Nilikata mwanzo wa mpigo, ile sehemu ya kijiti kugonga waya, kwa sababu ya hesabu niliyoitaja: kingekuja kuwa kelele ndefu mlangoni. Nikabaki na mlio unaokufa peke yake. Nikauvuta mara 150, sekunde nne zikawa dakika kumi. Kisha nikacheza na dirisha. Nyuzi mbili za tashkota ile zilikuwa karibu sawa lakini si sawa, na tofauti hiyo ilifanya sauti ipande na kushuka kama mara mbili kwa sekunde. Kwa dirisha la sekunde nzima kule kupanda na kushuka kulipotea. Zikabaki noti mbili zimekaa bega kwa bega na mtetemo usio na mpango. Ilipendeza, lakini ingeweza kuwa ala yoyote. Nikashusha dirisha hadi sekunde 0.2, na kule kupanda na kushuka kukarudi, sasa kila kimoja kikichukua zaidi ya dakika: mawimbi nane ndani ya dakika kumi, kila moja dhaifu kuliko lililotangulia kwa sababu nyuzi zilikuwa zinakufa. Mvumo ukapata pumzi, na pumzi yenyewe ilitoka kwenye mikono ya mpigaji, haikutoka kwangu wala kwenye programu.

Mjomba alipokuja kuchukua flashi yake nilimvisha hedifoni.

"Shikamoo mjomba. Hii ni ile kaseti yako, nimevuta pale unapoweka nyuzi sawa."

"Marahaba mwanangu. Lakini hapo hapakuwa na wimbo."

"Ndiyo maana nikapachukua."

Akasikiliza kimya, mkono juu ya goti. Baada ya muda akanyanyua kidole. "Huu waya wa pili. Huu ulikuwa hautulii kabisa, nilihangaika nao, nikauacha hivyo hivyo." Alikuwa ameutambua waya wake ndani ya sauti iliyovutwa mara 150. Mimi naona hicho ndicho kipimo cha kazi hii: mwenye rekodi ajikute humo. Angesikiliza lile toleo la dirisha la sekunde nzima, naamini asingesema kitu zaidi ya "nzuri".

Kwa sauti za watu, tafuta mahali mwimbaji anaposhikilia irabu. Bahati nzuri maneno yetu huishia irabu, na waimbaji wa taarabu wanajua kukaa kwenye "aa" ya mwisho wa kipande huku wakiipamba. Hapo utapata sekunde mbili au tatu zenye rangi nyingi. Konsonanti ziepuke, hasa "s" na "sh", maana huwa vumbi. Vigelegele ni hazina: kwa dirisha fupi sana unausikia ulimi ukipiga polepole, pigo moja moja, kwa dirisha la robo sekunde mapigo yanayeyuka na kuwa noti nyingi zilizopangana juu na chini ya sauti ya mama mwenyewe, mkusanyiko mkali unaong'aa. Vugo, zile pembe za nyati wanazopiga akina mama wakimsindikiza bwana harusi au bibi harusi, hazivutiki peke yake, ni mipigo mitupu. Zikiwa chini ya waimbaji, zinaacha mchanga mzuri chini ya sauti. Barua za kutoka Uarabuni sijawahi kuzivuta maneno. Nilivuta mara moja tu ile pumzi ambayo mtu huivuta kabla ya kusema "Assalaam alaykum", kwa idhini ya bintiye.

Yapo nisiyoyagusa. Kisomo cha Qur'ani sikivuti, wala maulidi. Uzito wa kisomo uko kwenye herufi na makharija yake, na kazi ya programu hii ni kuzifuta herufi. Sauti itabaki nzuri, najua, lakini uzuri huo haunihalalishii. Wateja wakiniomba nawaambia hivyo kwa upole.

Tukija kwenye kulinganisha. Kile cha ndani ya Audacity kina visanduku viwili tu, kipimo cha kuvuta na urefu wa dirisha kwa sekunde, na hukuta vimewekwa 10 na 0.25. Urahisi huo naupenda. Unaandika namba, unabonyeza, unasubiri. Ukichagua kipande kifupi mno kwa dirisha uliloliweka itakukatalia na kukuambia urefushe kipande au upunguze dirisha. Ujumbe huo unawatisha wanaoanza, lakini ni hesabu tu. Udhaifu wake ni kwamba unakwenda gizani: hujui ulichofanya hadi kimalizike, na kama si hicho unarudi nyuma na kuanza tena.

PaulXStretch inakusikilizisha hapo hapo. Unaburuta faili, unachagua kipande kwenye picha ya wimbi, kinaanza kulia kikiwa kimevutwa na kujirudia, nawe unasogeza vitelezi huku unasikia. Kwa kazi ya kutafuta sekunde nne ndani ya kaseti ya dakika 60 hakuna kinachoifikia. Nasogeza kipande kidogo kidogo kwenye wimbo, nasikia jinsi kila mahali pangekuwa pangevutwa, na mahali pakinikamata najua mara moja. Inaweza pia kupokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye deki bila kupitia faili.

Halafu kuna hatua za ziada, kila moja na swichi yake, na unaweza kuzipanga upya upendavyo. Nyingi sizitumii. Ya kuhamisha masafa inageuza sauti ya mtu kuwa chuma, nimeifunga. Ya kusambaza masafa inanenepesha noti, na kidogo tu inatosha. Ya kuchanganya viwango, ambapo unaongeza nakala ya sauti iliyoshushwa oktavu moja au kupandishwa, ni tamu na ndiyo mtego mkubwa: ukiweka ya chini, kila mtu anakuwa mnara wa sauti, na kaseti ya bibi yako haitofautiani tena na ya bibi wa jirani. Ninayoithamini kuliko zote ni ile inayotenganisha noti na kelele. Ukiielekeza kwenye noti, "shii" ya kanda inarudi nyuma bila zile kengele za uongo. Ukiielekeza kwenye kelele, noti zinatoweka na unabaki na chumba: kanda, hewa, feni ya darini. Nimewahi kuweka matokeo mawili hayo juu ya mengine, noti zikiingia taratibu na chumba kikitoka.

Malalamiko yangu: maandishi yake ni madogo, vitelezi ni vingi na vimesongamana, yote kwa Kiingereza, na hakuna anayekuelekeza uanzie wapi. Anayeifungua kwa mara ya kwanza hugusa kila kitu na kuishia na sauti isiyo na mwenyewe. Ushauri wangu ni kuzima hatua zote, ubaki na kuvuta na dirisha, hadi uzijue hizo mbili kwa sikio.

Ujanja mmoja wa Audacity nausema kwa sababu kaseti na santuri nyingi za zamani ni za njia moja, yaani mono. Nakili njia hiyo iwe mbili, ziunganishe ziwe stereo, ndipo uvute. Kwa kuwa kila upande unavurugwa kivyake, mawimbi ya kushoto na kulia hayatafanana tena, na rekodi iliyokuwa nukta moja katikati ya kichwa inafunguka kuwa pana, bila kuongeza mwangwi wowote. Sikiliza kwa hedifoni kabla na baada; utanielewa.

Kuhusu haki za watu. Kwa sheria ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka 2001, rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 tangu kumalizika kwa mwaka iliporekodiwa, na maneno ya mtunzi hulindwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Marekani, rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 ziliachiwa huru tarehe 1 Januari 2022. Kwa hiyo zipo rekodi za kale ambazo kwa sheria ya hapa Kenya muda wake umepita, kama vile sahani alizorekodi Siti binti Saad Bombay kuanzia mwaka 1928. Lakini kaseti ya harusi ya mtu ina akina mama waliokuwa ndani, peke yao, wakiimba kwa uhuru kwa sababu hapakuwa na mwanamume. Miaka hamsini haiondoi sitara hiyo. Nisipopata ruhusa ya familia, kipande hakitoki kwenye kompyuta yangu, hata kama hakuna sikio litakalotambua sauti ya mtu.

Na kwa wanaouliza kama mambo haya ni ya Wazungu: ni kweli kwamba Leif Inge wa Norway aliivuta simfonia ya tisa ya Beethoven mwaka 2002 ikachukua saa 24, na William Basinski wa Marekani anajulikana kwa kanda zilizokuwa zikichubuka huku akizirekodi. Lakini Nairobi imemtoa KMRU, jina lake Joseph Kamaru, ambaye sasa anaishi Berlin na kusikilizwa duniani kote kwa muziki wa aina hii unaojengwa kwa sauti za mazingira. Babu yake, aliyeitwa Joseph Kamaru pia, alikuwa mwimbaji mkubwa wa Kikuyu na alifariki mwaka 2018, na mjukuu amekuwa akizitoa upya rekodi za mzee huyo. Nikimsikiliza kijana huyo nasikia mtu anayechagua. Haweki sauti kwa sababu ni ndefu.

Mwisho ni nafasi ya diski, maana hapa kompyuta za wengi hukwama. Dakika kumi za stereo kwa ubora wa ndani wa Audacity ni kama MB 212. Saa moja inapita GB 1.2, na faili ya WAV ina mpaka wa GB 4, yaani kama saa tatu na dakika ishirini. Anayevuta wimbo mzima wa dakika tatu mara mia anatafuta saa tano, na laptopu ya mtumba yenye memori ndogo itazimika katikati ya safari. Vuta sekunde nne. Zikikosa kukutosheleza, tafuta sekunde nne nyingine kwenye kaseti ile ile kabla ya kuongeza kipimo. Ukiridhika, hifadhi kwa FLAC, ambayo haipunguzi ubora, na weka kando kipande cha asili kikiwa kizima pamoja na karatasi ya vipimo ulivyotumia: kaseti ya nani, upande gani, dakika ya ngapi, dirisha, kipimo cha kuvuta, na nani aliyekuruhusu.